Aliyebisha Mlango Akiwa Magu

Malimi ni fundi wa mashine za kudarizi, na hata kama wewe humjui, nembo iliyo kwenye sweta la shule la mwanao inamjua. Si yeye anayeshona. Yeye ndiye anayeifanya mashine ikubali kushona, na hizo ni kazi mbili tofauti, asikudanganye mtu.

Alizaliwa Magu, kwa baba mfuga ng'ombe. Alipopewa ng'ombe achunge, alimtafuta mmoja aliyekuwa na haraka ya kurudi zizini, akamfunga kengele shingoni, wengine wakazoea kuifuata ile kengele. Basi yeye akawa anabaki nyuma akifungua redio za watu na kuzifunga. Baba yake alisema, "Huyu kazi ya kurudiarudia haiwezi. Sijui atamwoa nani." Alimwoa Selina, mwanamke asiyerudia neno, wakapanga Mabatini, wakazaa, maisha yakaenda.

Kazi aliipata kwa Bi Hadiya. Bi Hadiya ni mtu wa mjini, babu zake walikuja Mwanza na majora ya nguo, na duka lake liko nyuma ya soko kuu, Nyamagana. Mbele anauza nyuzi, ndani zinanguruma mashine. Yeye ndiye wakala. Mtu wa Sengerema, mtu wa Ukerewe, mtu wa Geita, akinunua mashine ya aina ile, amepita kwa Bi Hadiya. Ikimgomea, ataileta kwa Bi Hadiya.

Sasa mashine hizi si cherehani ya kukanyaga. Zina kompyuta tumboni, na kompyuta inataka programu, na programu kila baada ya muda watengenezaji huko ng'ambo wanatoa mpya. Bila hiyo mpya, mashine inaanza wazimu: simba wa nembo anatoka bila mkia. Lakini programu haziokotwi barabarani. Zimewekwa kwenye ghala la mtandaoni, na ghala lina mlango, na mlango unauliza jina na neno la siri. Jina lilikuwa la Bi Hadiya. Neno la siri walilijua watu watatu tu: Bi Hadiya mwenyewe, Malimi, na Abubakary, mtoto wa mdogo wake Bi Hadiya, kijana aliyekuwa akichora michoro ya darizi na kushinda na mashine toka asubuhi mpaka jioni.

Kila Jumatatu Malimi alikaa kwenye kompyuta ya dukani. Aandike jina. Aandike neno la siri. Akubali masharti asiyoyasoma. Achague aina ya mashine, abonyeze, asubiri. Aina ya pili, hivyo hivyo. Mtandao ukikatika, na unakatika, mlango unamtoa nje, aanze tena na jina. Moza, fundi wa vifungo aliyekaa karibu naye, akimcheka: "Fundi, leo umeapishwa mara ngapi?"

"Niache, Moza. Huu si mlango, huu ni polisi."

Mtu aliyemshinda ng'ombe kwa kengele hawezi kushindwa na mlango. Akaacha kubonyeza picha, akafungua ule ukurasa mweusi wa kompyuta ambao hauna picha wala rangi, unaandika amri tu, nayo inatii. Akaiamuru ikalete faili. Ikaenda, ikarudi na kitu chepesi mno. Alipokifungua, ndani hamna programu. Kuna ule ule ukurasa wa kuuliza jina na neno la siri. Ni kama kumtuma mtu sokoni kununua sato, akarudi na picha ya lango la soko! Moza alicheka mpaka akajichoma sindano.

Malimi hakucheka. Akajifunza. Akaiambia kompyuta ianzie mlangoni, itoe jina na neno la siri la Bi Hadiya, ipokee kile kibali ambacho mlango humpa mtu aliyekwisha ingia, ikitunze, ikionyeshe kwa kila faili inaloomba. Ikakubali. Mafaili yakaja moja baada ya jingine, mazito, yenye programu ndani. Akaziandika zile amri zote mahali pamoja na kuiagiza kompyuta izifuate yenyewe kila siku, mtu awepo asiwepo. Neno la siri la mama wa watu akaliacha humo humo ndani, wazi, kama ufunguo uliosahaulika mlangoni.

Bi Hadiya hakuambiwa. Yeye aliona tu kwamba Jumatatu Malimi ana nafasi ya kunywa chai.

Na sasa kosa. Mtu aliyelelewa anabisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa, anaondoka, hata kama anasikia vyombo vinagongana ndani. Hili Malimi alilijua kabla hajaota meno. Lakini mtandao wetu, upepo ukivuma kutoka ziwani nao umelala. Hodi tatu zingekwisha bure. Akaona aiambie kompyuta: ukikosa, pumzika kidogo, bisha tena. Hakuiambia mpaka lini. Wala hakuifundisha tofauti ya njia kukatika na mwenye nyumba kusema hapana. Kwake zote zilikuwa kukosa tu.

Ikaja Idi. Siku za mwisho za mfungo wenye ghala walitaka mawakala wote wabadilishe maneno yao ya siri. Bi Hadiya akabadilisha, akamnong'oneza Malimi lile jipya. Malimi akaitikia, "Sawa, Bi Mkubwa," na huku mawazo yake yalikuwa stendi. Abubakary naye alipouliza, hakuambiwa, kwa kuwa juzi yake tu walikuwa wamekwaruzana. Mama mkubwa alimwona akicheka na watu wa duka la jirani, wale wanaosemwa kuwa wanauza programu za wizi kwenye flashi. Alimwambia, "Neno hili utalipata ukijua marafiki zako ni nani." Abubakary akanuna.

Duka likafungwa kwa sikukuu. Malimi akapanda basi kwenda Magu kumwona mama yake. Abubakary alibaki na funguo, kwa sababu kulikuwa na kanzu ya bwana harusi iliyotakiwa kumalizwa. Na kompyuta ilibaki imewashwa, na ndani yake lile neno la zamani, ikaenda mlangoni. Hapana. Ikapumzika, ikabisha. Hapana. Kutwa, kucha, sikukuu nzima, kama mlevi aliyekosea nyumba.

Malimi aliporudi alikuta duka zima limesimama na hakuna aliyemjibu salamu. Bi Hadiya alikuwa katikati ya mashine, mtandio umemtoka kichwani na hakujali. Wenye ghala walikuwa wamemfungia. Walimwambia kwamba kuna mtu amejaribu kuingia kwa jina lake bila kuchoka, kutokea kompyuta ya dukani kwake mwenyewe, na kwamba wakala anayegawa funguo kwa watu wa nje hastahili uwakala. Asipoeleza ikaeleweka, jina lake litafutwa.

"Sikukuu nzima," Bi Hadiya alisema, "mtu amekaa kwenye kompyuta yangu, ndani ya duka langu, anabahatisha neno langu. Na mwenye funguo alikuwa nani?"

Abubakary alikuwa ameshika fremu ya kudarizia. "Mama mkubwa, mimi nilikuwa nashona kanzu. Hiyo kompyuta sikuigusa."

"Neno ulilitaka, nikakunyima."

"Nililitaka kwa kazi!"

"Kazi ya nani? Ya hawa wa jirani?"

"Muulize Malimi basi! Mbona yeye humuulizi?"

"Malimi alikuwa Magu," Bi Hadiya akasema. "Mtu aliye Magu anabishaje mlango wa Mwanza? Ana mkono wa kilomita?"

Wateja walikuwepo. Moza alikuwepo. Mwanamke mmoja wa Misungwi aliyeleta sare za kwaya alikuwepo, na kitoto mgongoni. Wote wakamtazama Malimi. Ndipo likamwingia. Halikuingia taratibu, liliingia kama maji baridi kwenye sikio. Ni mimi, akasema moyoni. Ulimi ulikuwa mdomoni, mzima, hauna kidonda. Hakuutumia.

Abubakary akaweka fremu chini, akaweka funguo juu ya fremu. "Mama mkubwa, umeniita mwizi mbele ya watu. Haya." Akatoka. Hakugonga mlango wala kutukana. Angalau angetukana.

Mchana, watu walipokwenda kula, Malimi alifungua ule ukurasa mweusi. Kompyuta ilikuwa imeandika kila ilipokwenda na ilivyojibiwa, mstari chini ya mstari, na kila mstari ni kukataliwa. Aliishusha kwa kidole, haikwisha. Angeweza kumwita Moza pale pale aone. Badala yake akafuta. Alifuta mistari, akafuta amri zake zote, akaondoa hata lile agizo la kila siku. Kutengeneza programu ni ujuzi. Kunyamaza kwake kule asubuhi, tuseme ni woga, na woga kila mtu anao. Lakini kufuta ni kitu kingine, na yeye alijua ni kitu kingine.

Akatafuta njia ya pembeni. Alitoka nje, akasimama nyuma ya soko kwenye wauza dagaa, akampigia simu mwakilishi wa wale watengenezaji aliyeko Dar es Salaam. Kwa mtu asiyekujua, kusema kweli ni rahisi. Hujawahi kula naye. Akamweleza yote.

Yule wa Dar akacheka. "Kumbe ni wewe? Ndugu yangu, programu yako inabisha kama mgambo! Unapumzika sekunde moja tu? Sisi huku tukadhani tumevamiwa."

"Nilisahau kubadilisha neno la siri."

"Na neno la siri unaliandika ndani ya amri? Ulifundishwa na nani? Sikiliza. Iwekee kikomo. Na ikiambiwa hapana, iache pale pale, ije ikuite wewe. Hapana ya mlango siyo mtandao mbovu. Mimi nitamfungulia mama. Ila usirudie."

"Sirudii. Na... huyo mama, utamwambia?"

"Nimwambie nini tena? Si utamwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia," Malimi akasema.

Mlango ukafunguliwa. Bi Hadiya aliingia kwa neno lake, akaona ghala lake, akalia pale pale kwenye kiti cha wateja. Alipojua kwamba Malimi ndiye aliyepiga simu Dar, akampikia pilau. Si dukani, nyumbani kwake, akamkaribisha na Selina. Akasimama mbele ya mashemeji zake akasema, "Huyu si wa damu yangu, ni Msukuma wa Magu, lakini ndiye aliyeniokoa. Aliye wa damu ndiye aliyetaka kunizika."

Malimi aliutazama ule wali. Bi Hadiya alimwekea mnofu wa juu kabisa. Akaula, angefanyaje?

Njiani kurudi Mabatini Selina akamtazama. "Una nini?"

"Nimeshiba."

"Aliyeshiba hakai hivyo."

Hakurudia. Si mtu wa kurudia. Lakini tangu siku hiyo Malimi hakuwa akilala ubavu wa upande wa mkewe.

Watu husema dhambi inazeeka na kusahaulika. Waseme wao. Hii ya Malimi ilikuwa inanenepa, maana ililishwa kila siku. Bi Hadiya akimwita "mwanangu," inakula. Mteja akiuliza Abubakary yuko wapi, na Moza akijibu, "Kaiba," inakula. Akaandika amri zake upya, kwa akili safari hii, zenye kikomo, neno la siri limefichwa mahali pake. Zikafanya kazi vizuri mno, na uzuri wake ndio uliomuumiza. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivi.

Siku moja alitumwa Misungwi kutengeneza mashine. Basi liliposimama Usagara, pale njia panda, akasikia mtu anamsalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka, wa Magu! Unakwenda kubisha wapi leo?"

Alikuwa Abubakary. Ameketi kibarazani mbele ya duka la mbolea, na cherehani ya kukanyaga. Anaziba suruali za makondakta, anapunguza gauni za abiria. Kijana aliyekuwa akichora maua ya dhahabu kwenye joho la bwana harusi, amekaa Usagara anashona zipu.

Malimi akashuka. Basi likaondoka na yeye akaliacha.

"U hali gani?" akauliza.

"Kama unionavyo. Magari yakisimama nakula vumbi, yakiondoka nakula vumbi. Lete suruali, una mchaniko hapo nyuma."

"Sina mchaniko."

"Unao, hujauona tu. Mwenye mchaniko wa nyuma anaonwa na wenzie." Akacheka, akaonyesha benchi. "Kaa. Mama mkubwa hajambo?"

"Hajambo."

"Ananitaja?"

Malimi akatazama barabara. Lori la ng'ombe lilikuwa linakata kona. Alisubiri lipite, kisha akasubiri na vumbi litue, na vumbi lilipotua hakuwa na kitu kingine cha kusubiri.

"Abubakary. Ilikuwa mimi."

"Ilikuwa wewe nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa kichwa kimeinama, kuanzia ile amri ya kwanza mpaka kufuta. Mguu wa Abubakary ulisimama juu ya kanyagio. Alipomaliza, Abubakary akakata uzi kwa meno, polepole, akaukunja kidoleni.

"Wewe ulikuwa unakula daku kwetu," akasema. "Mkristo mzima, unaamka kula daku kwetu kwa sababu ya ule uji wa mama. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mama yangu tangu siku ile hajavuka kizingiti cha dada yake. Unajua? Idi ya kuchinja imepita, ndugu wa tumbo moja hawakupeana mkono."

Hilo Malimi hakuwa akilijua. Alikuwa amehesabu deni la mtu mmoja. "Nisamehe," akasema.

"Nakusamehe hapa, na mbolea ishuhudie? Mimi sikusemwa Usagara. Nilisemwa Nyamagana, dukani, mbele ya wateja, mbele ya Moza mwenye mdomo kama redio. Nenda ukaseme pale pale. Kwa sauti ile ile."

"Atanifukuza."

"Mimi nilifukuzwa. Hufi." Akakanyaga cherehani, ikaanza kulia, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Misungwi hakwenda. Alirudi mjini na gari la kwanza. Duka lilikuwa limejaa, siku za kuelekea kufungua shule, akina mama na marundo ya masweta. Angeweza kungoja wapungue. Aliwaza hivyo, na alipogundua kwamba anawaza hivyo, akasimama katikati ya mashine, pale pale, akamwambia Moza azime umeme.

Mashine zikanyamaza. Watu wakageuka.

"Kuna nini, mwanangu?" Bi Hadiya akauliza kutoka kwenye meza yake.

"Bi Mkubwa, usiniite hivyo kwanza. Aliyebisha mlango wako sikukuu ile si Abubakary. Ni mimi. Niliifundisha kompyuta iingie kwa jina lako bila kukuambia, nikaiachia neno lako ndani, nikaenda Magu. Ulipobadilisha, ikaendelea kubisha na lile la zamani. Nilijua siku ile ile. Nikafuta ushahidi, nikakaa kimya, nikala na pilau."

Moza akasema, "Mungu wangu," na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Bi Hadiya akainuka kwenye kiti chake. Watu walitegemea makelele. Yule mama ana sauti, soko zima linaijua. Lakini akaongea chini kabisa. "Mimi nikasema mtu wa Magu hana mkono wa kilomita."

"Ulisema, Bi Mkubwa."

"Na wewe ukaniacha niseme." Akavuta mtandio, akaufunga kichwani vizuri, kama mwanamke anayekwenda msibani. "Kompyuta haina kosa. Kusahau, kila mtu anasahau. Lakini ulinitazama nikimla mtoto wa mdogo wangu, ukanipa chumvi."

Malimi akaanza kuvua aproni.

"Nani kakuambia uvue? Unadhani utatoka hapa upumzike? Washa mashine, masweta ya watu hayo. Moza, niitie bajaji. Nakwenda Usagara."

"Bi Mkubwa, acha nikamwite aje," Malimi akasema. "Mkubwa hamfuati mdogo."

"Mkubwa aliyetukana hadharani anafuata," akasema Bi Hadiya, "na anafuata peke yake. Wewe ukija nitakuonea aibu zaidi ya ninavyojionea mimi."

Akaenda. Huko waliyosema, hakuyaeleza. Moza alijaribu kuyachimba mwezi mzima akaambulia moja tu: kwamba Abubakary alimwamkia shikamoo bila kuinuka, akamwacha akae benchi la wateja mpaka amalize zipu ya kondakta, na kwamba yule mama, aliyekuwa hajawahi kungojeshwa na mtu, alingoja.

Abubakary alirudi, lakini si kama zamani. Anakuja siku za michoro mikubwa tu, siku nyingine yuko Usagara. Anasema kule ana watu wake. Dada wawili wamepeana mkono. Bi Hadiya alimwacha Malimi kazini, ila hakumwita tena mwanangu. Anamwita fundi, kwa heshima zote, na kila anapoitwa hivyo Malimi anaitika upesi kuliko inavyohitajika.

Na Abubakary hana neno naye. Wanasalimiana, wanataniana Usukuma na Uswahili wao, wanakula bakuli moja. Ila akiinuka kwenda kunawa, huchukua simu yake mezani, anakwenda nayo. Zamani alikuwa akiiacha. Malimi huiona ile nafasi tupu pembeni ya bakuli, huendelea kutafuna, na wala hasemi kitu, kwa sababu safari hii kunyamaza ni haki yake.